Bibi Asiyekwenda Sokoni

"Fungua mdomo," alisema Inspekta Chakarova.

Biser alimtazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Walikuwa wamesimama ndani ya karakana ya meno bandia, nyuma ya soko la Ruse, na mezani baina yao taya za plasta zilipangwa safu kwa safu, zote zikikenua bila midomo.

"Mdomo wangu una nini, afande?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Mfukoni mwa koti lako kuna mbegu za alizeti. Asubuhi ya leo, mlangoni kwa Nevena, kumekutwa maganda ya mbegu za alizeti, yamefunikwa kwa kikaratasi kilichokunjwa kama pembe, kile cha kuuzia mbegu, kimepinduliwa. Wewe unafanya naye kazi meza moja. Wewe ndiye unayemsindikiza kila jioni, na hapa kazini hakuna mwingine anayejua anapokaa. Fungua."

Biser akafungua. Kisha akaingiza vidole viwili, akayang'oa meno yake ya mbele yote, akamwonyesha kiganjani.

"Nimeyatengeneza mwenyewe," alisema kwa kithembe. "Nilianguka na pikipiki. Nikibangua mbegu moja tu, yanatoka yote. Hizo za mfukoni ni za kasuku wa mama. Muulize Nevena, alinicheka mpaka akasahau kula."

Chakarova alitoa ganda moja kutoka kwenye bahasha yake. Lilikuwa limepasuliwa katikati, safi, na kwenye ukingo wake kulikuwa na alama ya jino la mbele lenye nguvu. Akalirudisha.

"Vaa meno yako. Samahani."

"Amempata tena, siyo?" Biser aliuliza.

"Nani?"

"Jina lake silijui. Nevena halitaji. Lakini mtu akigonga ule mlango kwa nguvu, Nevena anaingia chini ya meza. Mtu mzima, afande. Chini ya meza."

Jina lake lilikuwa Lyuben Karastoyanov, na faili lake lilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari ambamo Sajini Yavor alikuwa akimsubiri Chakarova. Mume wa zamani. Mahakama ya Pazardzhik ilikuwa imemkataza kumkaribia Nevena. Nevena alikimbilia Burgas. Haikupita miezi, akakuta kikaratasi mlangoni, kimepinduliwa, na maganda chini yake. Akahamia Veliko Tarnovo, kikaratasi kikamfuata. Akalalamika, polisi wa huko wakacheka: Bulgaria nzima inabangua mbegu, tumkamate nani? Wiki iliyofuata alirudi kutoka dukani akamkuta Lyuben jikoni, ameketi, anabangua. Siku hiyo ndiyo alipopoteza nusu ya sikio la kushoto. Lyuben alitoroka, na tangu hapo hakuna aliyemwona.

Sasa ilikuwa Ruse.

"Simu ya Nevena ni safi," Yavor alisema akiwasha gari. "Mama yake hajui anwani. Benki hawajatoa kitu. Gari hana. Nilidhani huyu Biser ndiye."

"Hata mimi."

"Basi jamaa ananusa kama mbwa."

"Mbwa hunusa kitu kilichoachwa njiani," Chakarova alisema. "Tutafute alichoacha."

Ukungu ulikuwa umeshuka toka mtoni ukafunika mtaa wa Druzhba wote. Ilikuwa mchana, lakini magari yalipita na taa. Yavor aliegesha mahali walipodhani ni mbele ya bloko la ghorofa alimokaa Nevena, akabaki kwenye gari. Chakarova akafunga vifungo vya koti lake la kijani, akapanda hadi ghorofa ya tatu kwa miguu.

Ndani, minyororo mitatu ilifunguliwa mmoja mmoja.

Nevena alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kidogo, nywele zimeshushwa kufunika sikio. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani la maua na kitambaa kichwani, na mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Alimimina kahawa, nusu iliingia kikombeni, nusu ikaingia kwenye sahani.

"Jioni unafanya nini?" Chakarova aliuliza.

"Nafunga mlango."

"Ukishafunga?"

Nevena aliona haya. "Nacheza."

"Unacheza nini?"

"Mchezo wa kompyuta. Unaitwa Taji la Chumvi. Una wapiganaji, wachawi, majoka. Watu wengi wanaucheza, afande, na humo hakuna anayenijua. Kila nilipohama nilifungua akaunti mpya, kwa jina jipya. Polisi wa Tarnovo waliukagua wakasema hauna neno."

"Lyuben anaucheza?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha."

Chakarova aliweka kikombe chini. "Niwashie."

Kwenye kioo cha kompyuta alitokea mwanamke mdogo wa kuchora, joho lina viraka, amesimama penye kijiji cha mawe meupe. Juu ya kichwa chake paliandikwa Mbayuwayu. Pembeni kulikuwa na mistari sita, mingine mirefu, mingine mifupi.

"Hii ni nini?"

"Sifa zake." Sauti ya Nevena ilituama kidogo, kama mtu aliyefika kwenye njia anayoijua. "Ukimuumba mhusika, unapewa alama za kugawa. Ni chache, makusudi. Ukiongeza hapa umepunja pale. Nguvu ndiyo inayoamua utainua upanga gani, utabeba mzigo gani, utasukuma mlango gani. Wepesi unaamua nani apige kwanza na nani akwepe. Ustahimilivu ni damu na pumzi: utapigwa kiasi gani kabla hujaanguka, utakimbia mpaka wapi. Akili ni uchawi na uganga. Mvuto ni namna watu wa humo wanavyokupokea, wenye maduka, walinzi wa malango. Mvuto ukiwa chini kabisa, mwenye duka anakufungia dirisha usoni."

"Na hii ya sita?"

"Bahati. Inagusa kila kitu kidogo kidogo. Sanduku utakalofungua litakuwa na nini, pigo litakupata au litapita. Lakini hakuna anayeinunua mwanzoni. Wanasema ni kutupa alama. Mpiganaji anajaza Nguvu na Ustahimilivu, mchawi anajaza Akili, mwizi anajaza Wepesi. Hata mtoto anajua hivyo."

"Zinabadilika?"

"Zinaongezeka. Ukipanda ngazi unapewa alama nyingine. Lakini ulizokwisha kuziweka huzirudishi. Nguo unabadilisha, sifa hubadilishi. Labda ufute umwanzishe mhusika mwingine."

Chakarova alisogeza kiti. Mstari wa Nguvu wa Mbayuwayu ulikuwa kijidoa tu. Mstari wa Bahati ulifika ukingoni.

"Wewe umejaza ile isiyonunuliwa."

"Bahati kwanza, halafu Mvuto, halafu Wepesi wa kukimbilia." Nevena alijitahidi kutabasamu. "Sipendi kupigana. Napenda kuongea na watu, na wakikataa, nakimbia. Wachezaji wengine wananitania, wananiita muuza bahati nasibu."

"Na wahusika wako wa Burgas na Tarnovo? Uliwajaza vipi?"

Nevena aliirudia mistari kwa macho, wa kwanza hadi wa sita.

"Hivihivi," alisema.

"Mtu akikutana nawe humo, anaiona hii mistari?"

"Akikubofya, anaiona. Halafu kuna ubao wa wachezaji wote, unaweza kuupanga kwa..." Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kwenye sikio.

"Upange kwa Bahati. Wachezaji wapya peke yao."

Nevena alibofya. Majina yakashuka kama mvua, kisha yakatulia. Juu kabisa palisimama Mbayuwayu, peke yake. Chini yake palikuwa na pengo, na chini ya pengo ndipo umati ulipoanzia.

"Jina ulibadilisha," Chakarova alisema taratibu. "Mwandiko wako hukuubadilisha."

"Mungu wangu. Alikuwa anasimama nyuma ya kiti changu akiwaambia rafiki zake, tazameni mke wangu, ananunua bahati." Nevena alianza kuhema. "Nilimwita mwenyewe, afande. Kila mji, nilimwita mwenyewe."

"Hukumwita. Nitazame. Nitazame mimi, binti. Ubao huu unamwambia kwamba upo mchezoni. Haumwambii kwamba upo Ruse, wala mtaa huu, wala mlango huu. Hayo ameyapata kwingine. Humo ndani una rafiki?"

"Sina. Ni Bibi Dafina tu."

"Nani huyo?"

"Mkunga mstaafu, anaishi Vidin. Mumewe alikufa, anacheza kuondoa upweke. Humo yeye ni mganga. Ananiita mjukuu wangu."

"Sifa zake zikoje?"

"Hazionekani. Amevaa joho la ukungu, ni vazi la kuficha mistari. Alisema anaona haya, yeye mzee, sifa zake ndogo."

Chakarova aliguna. Miaka yote ya kazi yake alikuwa amekutana na watu wengi walioficha vitu kwa kuona haya.

"Joho linaficha mistari. Matendo je, linaficha? Mtu akitia mkono mfukoni nisiuone, mimi hungoja nione atafungua mlango kwa mkono upi. Usiniambie Bibi Dafina husema nini. Niambie hufanya nini."

"Anaganga." Nevena alifikiri. "Kidogo. Mara nyingi nameza dawa zangu mwenyewe, uganga wake hautoshi kuziba jeraha."

"Mganga ambaye Akili yake haitoshi. Endelea."

"Tulipokwenda machimboni alinibebea magunia yote ya chumvi. Nikamtania, bibi una mgongo wa punda."

"Mbayuwayu angeweza kuyabeba?"

"Hata moja asingelitikisa. Na ule mlango wa chuma wa machimboni, aliusukuma peke yake. Alisema ana hirizi."

"Umewahi kuiona hirizi ya namna hiyo?"

Nevena alitikisa kichwa.

"Sokoni anafanyaje?"

"Sokoni haendi. Kila mara ananituma mimi. Mjukuu wangu, niletee dawa, niletee mkate, miguu inaniuma. Nilidhani ni utani, maana miguu ya mchezoni haiu..." Rangi ilimtoka usoni ikianzia kwenye midomo. "Wenye maduka wanamfungia dirisha."

"Mvuto hana hata chembe."

"Lyuben hakuwahi kuweka alama hata moja kwenye Mvuto. Alisema ni sifa ya ombaomba. Nguvu, na Nguvu tena, kisha Ustahimilivu. Mkate wa mhusika wake nilikuwa namnunulia mimi." Aliitazama mikono yake. "Wiki zote hizi, afande. Nilimwambia naota ndoto mbaya. Akaniimbia wimbo wa kubembeleza watoto. Aliuandika mstari kwa mstari."

Chakarova aliendelea kuuliza, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi.

"Ulimtajia mji?"

"Sikumtajia! Naapa kwa mama yangu. Yalikuwa mazungumzo tu. Hali ya hewa."

"Ulisemaje?"

"Kwamba ukungu umezidi, meli zinapiga honi mtoni, sipati usingizi."

"Mto wenye meli ni mmoja tu nchi hii, na bandari zake zinahesabika. Nini kingine?"

"Siku moja alilalamika Vidin wamekatiwa maji ya moto, mifupa inamuuma. Nikamwambia, bibi, hata sisi, tangu asubuhi, bloko zima tunachemsha masufuria kama msimu wa kupika nyanya."

"Na kampuni ikikata maji ya moto hutangaza wapi?"

"Kwenye tovuti," Nevena alinong'ona. "Mtaa kwa mtaa. Bloko kwa bloko."

Baada ya hapo Lyuben alichohitaji ni kusimama nje tu, atazame nani anatoka.

Kengele ndogo ikalia ndani ya kompyuta. Nevena alirudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga ukuta. Kwenye kijiji cha mawe meupe alikuwa ametokea kikongwe wa kuchora, amejifunika joho la moshi, na maneno yalikuwa yakijiandika chini yake.

"Mjukuu wangu! Leo mchana? Hukwenda kazini?"

"Mjibu," Chakarova alisema.

"Siwezi."

"Mjibu kama siku zote. Hajui kwamba tunajua, na hiyo ndiyo silaha pekee tuliyo nayo. Andika."

Nevena aliandika kwa kidole kimoja: Nina mafua, bibi.

"Pole mwanangu. Chemsha majani ya mlimani, utie asali."

"Mtume sokoni," Chakarova alisema.

Nevena akaandika: Bibi, leo nenda wewe ukaninunulie dawa, sijiwezi. Maneno yalikwenda. Kikongwe alisimama tu, moshi ukimzunguka. Walingoja.

"Miguu, mjukuu wangu. Miguu inaniuma."

Nevena alitoa sauti iliyofanana na kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja.

Chakarova alikuwa tayari amepiga simu. Wenzake wa kitengo cha mtandao walisema wanaweza kutafuta mchezaji huyo anaingilia wapi, mradi asitoke, akae hewani, waongee na wenye mchezo. Akaufunika mdomo wa simu.

"Humo ndani kuna mahali ambapo mtu lazima ashike kitu asiachie?"

"Daraja la Mnyororo. Mwenye Nguvu anaushika mnyororo, mwenzake anavuka. Akiuachia wote wanaanguka shimoni, na ukifa humo unanyang'anywa alama za sifa, hazirudi tena."

"Ataachia?"

"Lyuben? Sifa zake anazipenda kuliko..."

"Mpeleke."

Wakaenda, wahusika wawili wa kuchora, kijana mbele na kikongwe nyuma, kwenye njia ya mlimani. Darajani Nevena aliandika: Bibi, nishikie nivuke. Kikongwe alikamata mnyororo mnene kama paja, akauvuta bila shida yoyote. Chuma kilianza kusaga kwenye spika, kriii, kriii, daraja likapanda.

Kisha maneno yakajiandika polepole, kama ya mtu anayetumia mkono mmoja.

"Nimeshika. Na huyo mgeni wako wa koti la kijani, naye anavuka?"

Koti lilikuwa kwenye mgongo wa kiti. Wote wawili walilitazama. Mapazia yalikuwa yamefungwa tangu Chakarova aingie. Koti hilo lilitembea kutoka garini hadi mlangoni, basi.

"Andika kwamba ni jirani ameleta supu," Chakarova alisema kwa sauti ambayo hakuitambua. Akampigia Yavor. "Bloko la mbele. Angalia madirisha yote. Kuna mtu ameniona nikiingia."

"Madirisha gani, afande?" Yavor alijibu. "Bloko la mbele silioni. Hata mlango ulioingilia siuoni, na niko hatua chache tu. Ukungu huu hata pua yangu unanificha."

Chakarova alishusha simu. Kama Yavor hakuona kutoka barabarani, basi hakuna aliyeona kutoka barabarani. Koti lilionekana kutoka karibu. Lilionekana likipanda ngazi.

"Zima hiyo sauti," alisema. "Nifikiri."

Nevena alibofya. Alama ya spika ikakatwa mstari mwekundu.

Kriii, kriii. Mnyororo uliendelea kusaga.

Ulikuwa mdogo sasa, wa mbali, kama ndani ya bati. Ulikuwa unashuka na bomba la joto lililopita pembeni mwa ukuta, kutoka darini. Nevena aliinua uso juu. Chakarova alimwekea mkono begani kabla hajapiga ukelele, akamsogelea sikio lile zima.

"Usiache kuandika. Chochote. Muulize habari za Vidin, muulize anapikaje supu ya maharagwe. Anapoandika, anashika. Nipe gauni lako na kitambaa."

"Usiniache."

"Niko juu ya kichwa chako. Funga minyororo yote."

Alivua viatu. Akavaa gauni la maua juu ya nguo zake, akafunga kitambaa kama mama wa nyumbani, akatia bastola mfukoni. Mtu akichungulia kitundu cha mlango, amwone jirani anayelalamikia maji yanayovuja. Kwenye simu alimnong'oneza Yavor: ghorofa ya nne, panda, usikimbie.

Ngazi zilikuwa za baridi kama barafu. Mlango wa juu haukuwa na jina. Aliweka sikio. Ndani, mnyororo ulisaga, na kidole kimoja kiligonga herufi, kikapumzika, kikagonga. Chini kabisa alisikia mlango wa nje ukifunguka. Yavor alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

Herufi ziliacha kugongwa.

Chakarova alihesabu pumzi zake. Hakuna herufi. Mnyororo ukasaga mara moja zaidi, ukakatika katikati. Kiti kilisukumwa nyuma. Viatu vikavaliwa, kimoja, kingine, bila haraka. Alitia mkono mfukoni, na bastola ikanasa kwenye bitana la gauni.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa mwanamume wa kawaida kabisa, amenyoa vizuri, jaketi limepigwa pasi. Mkononi alikuwa na ufunguo.

"Habari za mchana, jirani," alisema kwa adabu.

Kisha macho yake yakashuka kwenye maua ya gauni, na adabu ikatoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye karai.

"Hilo ni gauni la mke wangu."

Alimsukuma kwa mikono miwili. Chakarova aliruka nyuma, akadaka reli ya ngazi kwa mkono wa kulia, akasikia kifundo kikilia. Lyuben alimpita akielekea chini, kwenye mlango wa Nevena, na Chakarova akamng'ang'ania jaketi kwa mkono uliobaki, akaburutwa ngazi tatu, nne, akipiga kelele, "Yavor! Yavor!" Sajini alitokea kwenye kona akipanda ngazi mbilimbili, akamkumba Lyuben kwa bega tumboni. Wakaanguka wote watatu kwenye sakafu ya ghorofa ya tatu, na ilichukua muda mrefu, muda mrefu mno, kabla pingu hazijalia.

Kelele zilimleta mwenye nyumba kutoka chini, mwanamke mnene aliyeshika mwiko. Watu wa bloko walimwita Shangazi Stanka.

"Jamani, mnamuua! Mtu mzuri huyo! Kanibebea viazi mpaka jikoni!"

"Amekuwa hapa tangu lini?" Chakarova aliuliza akiwa bado sakafuni.

"Tangu mwezi uliopita. Alinieleza yote, maskini. Mkewe kaharibika akili, kakimbia nyumba, anaishi hapa chini yake. Yeye anamwangalia polepole asije akamshtua. Kwa kuwa nyumba zote mbili ni zangu, akaniomba ufunguo wa akiba. Leo jioni alitaka kumrudia, iwe kama zawadi."

"Ukampa."

"Mume wa mtu, mwanangu. Nimnyime vipi?"

Lyuben, shavu limebanwa sakafuni, aliongea na mlango wenye minyororo mitatu. "Nevena. Waambie ni mambo ya nyumbani haya. Waambie."



Yavor alimshusha. Gari lilisikika likiondoka ndani ya ukungu. Hapo ndipo Chakarova alipogonga, na ilimbidi ajitaje mara mbili, kisha aseme jambo ambalo mtu mwingine asingelijua, kwamba kahawa ilimwagika kwenye sahani, ndipo mnyororo wa kwanza ukatoka.

"Amekwenda," alisema. "Ana pingu. Nimezikagua mwenyewe."

Nevena alirudi kwenye kiti. Kompyuta ilikuwa imezimwa, kifuniko kimeshushwa, na juu ya kifuniko aliweka sufuria, kama mtu aliyefunika nge.

"Nilishindwa kuandika," alisema. "Aliniuliza mbona nimenyamaza, na mikono yangu ikakataa. Nilijua uko pale mlangoni, na mikono ikakataa. Ningekuua, afande."

"Mimi niko hapa."

"Mkono wako umevimba."

"Utapona."

"Alikuwa ameshika kitu. Nilisikia kikianguka kwenye ngazi. Kitu cha chuma."

Chakarova angeweza kudanganya. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani.

"Wa wapi huu?"

"Wa hapa."

Nevena hakulia. Alisimama, akaenda kwenye kabati la vyombo, la mbao nzito, lenye vikombe na chupa za achari ya pilipili ndani yake, akaweka bega lake ubavuni, akaanza kulisukuma kuelekea mlangoni. Vyombo viligongana. Kabati lilisogea kidogo, likakwama kwenye zulia.

Chakarova alitaka kumwambia kwamba mtu huyo ameshafika kituoni, kwamba fundi wa kufuli anakuja, kwamba sasa hivi bloko zima halina mlango salama kuliko huu. Alifungua mdomo. Kutoka ghorofa ya juu, kwenye mlango waliouacha wazi, upepo uligonga kitu ukutani, na wote wawili wakashtuka.

Akanyanyuka, akashika upande wa pili wa kabati kwa mkono wake mzima, wakalisukuma pamoja mpaka likaziba mlango.